Bia ya kujipikia: Mbona yako ina ukungu na ya baa inang'aa kama kioo?

UMEWAHI kuinua glasi ya bia kwenye mwanga wa baa ukaona vidole vyako upande wa pili, hadi mistari ya ngozi? Sasa linganisha na picha anayokutumia beshte yako aliye ughaibuni, yule aliyeanza kujipikia bia jikoni mwake. Glasi yake inafanana na juisi ya ukwaju. Pengine bia yenyewe ni tamu balaa, lakini macho yako yameshatoa hukumu kabla ulimi haujapewa nafasi ya kujitetea.

Wengi hudhani viwanda vina dawa fulani ya siri. Ni kweli kwamba viwanda vikubwa huchuja bia kwa mashine zinazogharimu mamilioni. Lakini anayepika nyumbani kwa nafaka tupu, bila sharubati ya kopo, anaweza kupata bia inayong'aa kwa sufuria, kipimajoto, friji na subira. Hasa subira.

Jambo moja ulishike mapema: bia haipati uangavu siku ya mwisho. Kila hatua, kuanzia kusaga kimea hadi kumimina kwenye glasi, inaongeza ukungu au inaupunguza. Glasi yako ni kama ripoti ya shule. Ukijua kuisoma, itakuambia ulifeli somo gani.

TUANZE NA SHERIA, USIJE UKALALA SELO

Kabla hujakimbia sokoni kununua sufuria, sikiza hii. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile iliyobandikwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inamtaka yeyote anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni. Udogo wa sufuria yako si kinga. Na aliye chini ya miaka 18 hahusiki na kinywaji hiki kwa namna yoyote ile.

Kwingine mambo ni tofauti. Uingereza iliondoa hitaji la leseni kwa bia ya kujipikia mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu upishi huo Oktoba 1978. Kipimo ni galoni 100 kwa mwaka, yaani karibu lita 378, ikiwa nyumba ina mtu mzima mmoja, na mara mbili ya hizo ikiwa na watu wazima wawili au zaidi. Hata hivyo, majimbo yalikokota miguu: Alabama na Mississippi yaliruhusu mwaka 2013 tu. Na huko kote, bia hiyo ni ya kunywa wewe na marafiki, si ya kuuza.

Kwa hivyo wewe uliye London au Minnesota unaweza kufuata makala hii hadi chupa. Wewe uliye Roysambu, kuna habari njema pia. Nusu nzima ya kazi ya kupata bia angavu hufanyika kabla tone moja la kileo halijatokea. Kuloweka kimea, kuchuja, kuchemsha na kupoza ni upishi wa kawaida, na unachopata ni maji matamu ya kimea, kinywaji kisicho na kileo. Unaweza kujifunza hayo yote jikoni ukasimama hapo. Hatua ya kutia hamira iache hadi upate leseni, au kazi kwenye kiwanda kilicho nayo. Ujuzi huu ni ajira: wapishi wa bia wa viwanda vidogo Nairobi wanafanya hesabu hizi hizi kila siku, kwa matangi makubwa zaidi.

SHOSHO ALIJUA KABLA YAKO

Usidhani kupika bia kwa nafaka ni mtindo ulioshuka na ndege. Neno 'kimea' ni Kiswahili sanifu, nalo lina maana ya nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Mama anayepika busaa magharibi mwa Kenya huchachisha unga wa mahindi, akaukaanga kwenye bati, halafu akaongeza kimea cha wimbi. Kimea hicho ndicho hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayoliwa na hamira. Kemia hiyo ndiyo inayotumika kwa shayiri ya Narok, Mau Narok na Timau inayoishia kwenye chupa za kiwandani.

Tofauti ni kwamba busaa haikuwahi kutaka kung'aa. Ule uzito ni wanga na hamira, na wanywaji wanaupenda; kwao ni kinywaji na chakula kwa wakati mmoja. Hata hivyo, suala la kuchuja halikusahaulika. Wateso hunywa bia yao ya wimbi kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na ncha ya mrija hufungwa kichujio kidogo kinachozuia makapi. Huo ni uhandisi.

Tamaa ya bia inayong'aa ina historia yake. Mwaka 1842, katika mji wa Pilsen, ambao sasa uko Jamhuri ya Czech, mpishi Mjerumani Josef Groll alitoa bia ya rangi ya dhahabu iliyohifadhiwa muda mrefu kwenye baridi. Ilitokea wakati glasi za kioo zilikuwa zinaenea kuliko vikombe vya udongo na bati, watu wakaanza kuona wanachokunywa. Ukisoma neno Pilsner kwenye chupa ya hapa nyumbani, ni jina la mji huo. Na neno 'lager' limetokana na Kijerumani, lenye maana ya kuweka ghalani. Yaani subira imeandikwa kwenye lebo.

UKUNGU UKO WA AINA NNE

Kosa kubwa la wanaoanza ni kutibu ukungu bila kujua ni upi. Ni kama kumeza dawa ya malaria kwa sababu kichwa kinauma. Fanya vipimo hivi kwanza.

Wa kwanza ni ukungu wa wanga. Huu hutokea pale kimea kilipolowekwa vibaya, na wanga ukabaki bila kugeuka sukari. Baridi hauuondoi, joto haliuondoi, wala muda. Kipimo chake ulikifanya kwenye maabara ya Form One: iodini. Nunua chupa ndogo kwenye duka la dawa. Teka kijiko cha maji ya kimea yasiyo na makapi, weka kwenye kisahani cheupe, dondosha iodini. Ikigeuka buluu iliyokoza au nyeusi, wanga bado upo, ongeza muda. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, uko fiti. Sampuli hiyo imwage, usiirudishe kwenye sufuria.

Wa pili ni ukungu wa baridi. Bia iko safi ikiwa mezani, ukiitia kwenye friji inachafuka, ukiiacha ipate joto inarudi safi. Hapo ni protini za nafaka zimeshikana na tanini, yale makali yanayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Zikiwa kwenye joto zinaachana, zikiwa kwenye baridi zinakumbatiana na kuzuia mwanga. Ladha haiharibiki sana, lakini picha ya Instagram imekwisha.

Wa tatu ni hamira inayoelea. Bia inanukia mkate, na ukiiacha mahali baridi siku kadhaa inajisafisha kuanzia juu kwenda chini. Huyu si adui, ni mgeni ambaye hajaenda kulala.

Wa nne ndio noma: viini vilivyoingia kwa uchafu. Bia inachachuka usivyotarajia, inavuta kama utando, huacha pete ya uchafu ndani ya shingo ya chupa, na ukifungua inafoka. Huo hautibiki. Mwaga, osha vyombo kwa hasira, anza upya.

Kumbuka pia kwamba kuna bia zinazotakiwa kuwa na ukungu. Bia ya ngano ya Bavaria ni hivyo, na zile zenye hopsi nyingi za mtindo wa New England ni hivyo pia. Ukitia embe au pasheni na kuzichemsha, pektini ya tunda, ile inayogandisha jemu, itakuletea ukungu ambao iodini haitauona. Tunda likiwa lazima, litiwe baadaye bila kuchemshwa.

KUSAGA NA KULOWEKA

Tuchukue mfano wa lita 10 za bia nyepesi ya dhahabu. Utahitaji kilo 2.2 za kimea cha shayiri, maji lita 16 hivi kwa jumla, hopsi gramu 25 na hamira kavu ya bia gramu 5 hadi 6. Usitumie hamira ya mandazi. Itachachisha, ndiyo, lakini haijazoezwa kutulia chini, na hapa kutulia ndiko tunakokutafuta.

Kimea kisagwe kiasi cha kupasuka tu, si kuwa unga wa uji. Maganda yabaki mazima kadiri inavyowezekana, kwa kuwa ndiyo yatakayokuwa kichujio chako. Ukipeleka kwa posho mill ukaletewa unga laini, umejinunulia gundi.

Pasha lita 6 hadi 7 za maji hadi nyuzi 72 hivi, tia kimea, koroga pasiwe na madonge. Joto litashuka. Unataka likae kati ya nyuzi 65 na 67 kwa saa nzima. Kwenye nyuzi hizo, enzaimu za kimea hukata wanga kuwa sukari. Ukizidisha sana unaziua kabla hazijamaliza kazi, ukipunguza sana zinajikokota. Funika sufuria kwa blanketi kuukuu, au tumia kile kikapu cha kuhifadhia joto ambacho mama hutilia githeri.

Maji nayo yana neno. Maji ya mfereji Nairobi, yanayotoka upande wa Ndakaini na Sasumua, ni laini na yanafaa bia ya rangi nyepesi. Maji ya visima vingi vya jijini ni mambo mengine: yana magadi, na magadi hupunguza asidi. Kimea kinataka asidi kidogo, kipimo cha pH cha 5.2 hadi 5.6. Ikipanda juu ya hapo, maganda huachilia tanini, na tanini umeshaambiwa hushirikiana na nani. Kama mtaa wenu unatumia kisima, ni afadhali kununua maji ya mtungi. Kama ni mfereji, yaache wazi usiku kucha klorini itoke, la sivyo bia itanukia plasta.

KUCHUJA BILA PUPA

Saa ikiisha na iodini ikikupa ruhusa, fungua koki polepole. Lita mbili za mwanzo zitakuwa na vumbi na makapi. Usiziache zipite. Zirudishe juu ya kimea taratibu, ukizimimina juu ya kijiko zisichimbe shimo. Rudia hadi yatoke maji yanayokaribia chai ya rangi. Maganda yamejipanga sasa, yanachuja yenyewe.

Kisha suuza kimea kwa maji yaliyobaki ili kupata sukari iliyosalia. Maji hayo yasizidi nyuzi 77. Hapa ndipo wengi hujiharibia: wanamimina maji yanayochemka wakidhani watakamua zaidi, na kweli wanakamua zaidi, ila ni tanini. Wala usifinye kimea kama unayekamua tui la nazi. Ukiona yanayotoka hayana utamu tena, simama. Makapi yaliyobaki ng'ombe huyapenda sana, kwa hivyo usiyatupe kama una jirani mfugaji.

KUCHEMSHA: NAIROBI SI MOMBASA

Protini zinazoleta ukungu wa baridi hutolewa kwa kuchemsha kwa nguvu. Si kutokota kwa aibu, ni kuchemka kwa kupinduka, bila kifuniko. Baada ya dakika chache utaona vipande vyeupe vikizunguka kama yai lililovunjwa kwenye supu. Hizo ni protini zimegandamana. Zikitulia chini ya sufuria, hazitakusumbua kwenye glasi.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi vya bia, vilivyoandikwa kwa watu wa karibu na usawa wa bahari, havikuambii. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Eldoret iko juu zaidi, na maji huchemka karibu nyuzi 93. Aliye Denver kule Colorado yuko kwenye mashua hiyo hiyo. Joto likipungua, protini hugandamana polepole na hopsi hutoa uchungu kidogo. Dawa ni muda: badala ya dakika 60, chemsha 75 hadi 90, na anza na maji zaidi kidogo kwa sababu mengi yatapotea kwa mvuke.

Hopsi, maua makavu ya mmea unaolimwa sana Marekani na Ujerumani, hutiwa gramu 15 zikiwa zimebaki dakika 60, na gramu 10 mwishoni kwa harufu. Nazo hopsi zina tanini, na tanini hizo husaidia kushika protini zikiwa bado jikoni.

Zikibaki dakika 10 hadi 15, tia nusu kijiko cha chai cha mwani mkavu wa bahari. Wapishi wa Ulaya wametumia mwani mwekundu wa Atlantiki kwa vizazi. Ndani yake mna karajinani, aina ya jeli inayovuta protini kama sumaku na kuzishusha chini. Jamii ya jeli hiyo ndiyo hutolewa kwenye mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, na wenzao wa Zanzibar. Kwa hivyo ukiambiwa kusafisha bia ni sayansi ya mbali, jibu kwamba malighafi yake inaanikwa ufukweni Shimoni.

Moto ukizimwa, poza haraka. Weka sufuria kwenye beseni la maji na barafu, koroga maji ya nje, badilisha yakipata joto. Lenga kufika nyuzi 20 ndani ya nusu saa. Kupoza ghafla hugandisha protini zilizokuwa zimebaki, na pia huwanyima viini muda wa kuingia. Ukiacha sufuria ipoe yenyewe hadi asubuhi, umeshawakaribisha wote wawili.

Hapa ndipo msomaji wa Kenya asiye na leseni anapofika mwisho wa barabara. Mimina kwenye glasi ndefu, tia friji usiku mmoja, asubuhi utaona tabaka: chini matope, juu dhahabu. Umejifunza nusu ya somo, na hujavunja sheria yoyote. Kinywe siku hiyo au ya pili, kwa kuwa ni kitamu na viini hupenda utamu pia.

HAMIRA IFANYE KAZI, KISHA ILALE

Aliye na ruhusa aendelee. Mimina maji safi ya juu kwenye ndoo ya plastiki ya chakula iliyosafishwa na kuuliwa viini, ukiacha matope ya chini kwenye sufuria. Tia hamira. Funga kwa kifuniko chenye valvu ya kutoa hewa, maana gesi isipopata njia itajitafutia, na dari yako itapakwa rangi upya.

Joto la nyuzi 18 hadi 20 linafaa hamira nyingi za aina hii. Nairobi kwa miezi mingi chumba chenye kivuli kinakaribia hapo bila kutumia umeme. Pwani kwenye nyuzi 30 hamira hupandwa wazimu na kutoa ladha ya rangi ya kucha. Huko ni friji yenye kidhibiti joto, au kulifunika tangi kwa taulo lililoloa na kuelekeza feni. Ukichagua hamira, uliza moja tu: inatulia vizuri? Aina nyingi za Kiingereza hushikana vikonge na kuzama zenyewe.

Subiri siku 10 hadi 14. Usihesabu mapovu, tumia haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki. Namba ikibaki ile ile kwa siku tatu, kazi imekwisha. Ukitia kwenye chupa mapema, sukari iliyosalia itaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kulipuka. Vipande vya kioo havina mzaha.

Sasa ingiza ndoo nzima kwenye friji, nyuzi 0 hadi 4, kwa siku tatu hadi tano. Baridi huiambia hamira ilale, na huufanya ule ukungu wa baridi ujitokeze mapema ili uzame. Ukitaka kuharakisha, kuna jelatini isiyo na ladha: nusu kijiko cha chai kwa lita 10, iloweke kwenye nusu kikombe cha maji baridi, pasha polepole hadi nyuzi 65 au 70 bila kuchemsha, mimina kwenye bia ikiwa tayari baridi. Baada ya siku mbili tofauti utaiona kwa macho.

Lakini jelatini hutokana na ng'ombe au nguruwe, kwa hivyo mwambie mgeni wako asiyekula nyama kabla hajanywa. Kuna dawa nyingine ya zamani Uingereza, inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki, na vibofu vya mbuta wa Ziwa Victoria vimewahi kutumika kwa kazi hiyo. Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaachana nayo. Asiyetaka mnyama yeyote atumie mwani, baridi na wiki mbili zaidi. Atafika tu.

Mwisho ni chupa. Tia sukari gramu 6 hadi 7 kwa kila lita, tumia chupa nzito zilizotengenezewa bia, ziache wiki mbili kwenye joto la chumba, kisha wiki moja au zaidi kwenye friji. Chini ya kila chupa kutakuwa na utando mwembamba wa hamira. Si uchafu. Inamisha glasi, mimina kwa mkono mmoja bila kusitasita, na ubakishe kidole kimoja chini. Wengine hupoteza kazi ya mwezi mzima kwa kumimina kama soda.

KIOO SI CHETI CHA USALAMA

Hili ndilo ningependa ubaki nalo hata ukisahau nyuzi zote. Hapa kwetu, uangavu umewahi kuwa mtego. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Februari 2024, zaidi ya watu 10 walikufa Kirinyaga kwa pombe haramu. Methanoli haina rangi. Inang'aa kama maji ya chemchemi. Waliokunywa hawangeweza kuijua kwa kutazama glasi.

Sababu ni muhimu uielewe. Nafaka iliyochachishwa kawaida hutoa methanoli kidogo mno, kiasi kisichodhuru. Vifo vya namna hii huletwa na mtu aliyechanganya kemikali ya viwandani ili kuongeza makali na faida. Kwa hivyo ukungu kwenye busaa ya mama si ushahidi wa sumu, na uangavu kwenye chupa ya mtu usiyemjua si ushahidi wa usalama. Kinachokulinda ni kujua kilichotiwa ndani, nani alikitia, na kama ana leseni na stempu ya ushuru inayokaguliwa.

Kutokana na hilo, mipaka miwili. Usijaribu kukeneka, yaani kuivukiza bia upate kileo kikali. Hiyo ni kazi nyingine yenye moto na hatari zake, na sheria za Marekani na Uingereza zinazokuruhusu kujipikia bia hazikuruhusu hilo bila leseni. Na usiongeze kitu chochote chenye makali kwenye bia yako ili 'ishike'. Bia nzuri ya asilimia 4 hadi 5 haihitaji msaada.

Ukikuta mwenzako amekunywa kitu kisha analalamika haoni vizuri, kichwa kinamuuma vibaya au anatapika bila kukoma, usimpe maziwa wala usimwache alale. Mkimbize hospitalini. Na kama glasi imeanza kukutawala wewe au mtu wako, NACADA ina nambari ya simu isiyotozwa, 1192.

Ukiianza safari hii, kwa mujibu wa sheria ya ulipo, nunua daftari kabla ya kununua hopsi. Andika joto la kimea, dakika za kuchemsha, siku za friji. Bia ya kwanza ikitoka na ukungu, weka glasi moja kwenye friji na nyingine mezani, toa iodini, onja, nusa. Ukishajua ni ukungu upi kati ya ile minne, utajua ni ukurasa upi wa daftari wa kusahihisha. Ya pili itakuwa safi zaidi. Ya tatu, jaribu kuona vidole vyako.